Mada: Jiko la kuchomea nyama, tulibebe hadi Perth au tuliache Leeds?

Kutoka: Mama Pacha (Leeds)

Ndugu zangu, salaam kwenu nyote.

Wengi mnajua tunahama. Hospitali ya Perth imeshatuma mkataba, viza zimetoka, sasa tumebaki na shughuli ya mizigo. Juzi alikuja kijana wa kampuni ya kuhamisha vitu, akazunguka nyumba nzima na tepu. Kitanda sawa, kabati sawa, baiskeli za watoto sawa ila zioshwe. Alipofika uani akakuta majiko yetu mawili, akashika kiuno.

La kwanza ni la gesi, bana tatu, lina kifuniko na meza ya pembeni. Tulilinunua hapa hapa Uingereza, bado linawaka vizuri. La pili ni nusu pipa ambalo Baba Pacha alilikata na kulichomea miguu ya bomba. Wavu wake ni wa nondo, ulitoka kwa mafundi wa Kamukunji, Nairobi, ukaja ndani ya sanduku ukiwa umeviringishwa mashuka. Mwenyewe amesema afadhali aache kitanda kuliko hilo pipa.

Kontena ni la kuchangia na watu wengine, kwa hiyo tunalipa kwa ujazo. Nawauliza mlioko Australia: inafaa kubeba? Na nimesikia huko wakaguzi ni wakali, je, ni kweli au ni hadithi za kutishana?

Asanteni.

*

Kutoka: Shemeji wa Geelong

Dada, acha yote mawili. Huku jiko ni kitu cha kawaida kama ndoo. Kila Jumamosi nje ya duka la vifaa vya ujenzi la Bunnings kuna watu wanachoma soseji kuchangisha pesa za shule au za timu ya mpira, na ukiingia ndani majiko yamepangwa safu nzima, madogo kwa makubwa. Watu wakihama wanayaweka kando ya barabara bure. Lete watoto na vyeti vyako, mengine tutayapata.

*

Kutoka: Fundi wa Fremantle

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Shemeji wa Geelong ana haki kuhusu la gesi, lakini kuhusu pipa amekimbia kidogo. Mama Pacha, haya majiko yako ni kesi mbili tofauti, uyatenganishe.

La gesi liache. Sababu si wakaguzi. Gesi ya mtungi Uingereza, ile ya propani, regyuleta yake hutoa shinikizo la milibari 37. Huku vifaa vya gesi ya mtungi vimepangwa kwa kilopaskali 2.75, ambazo ni kama milibari 27 na nusu. Tundu za bana zako zimetobolewa kwa mfumo wa huko. Ukiliunganisha na regyuleta ya huku, moto utakuwa mnyonge na utakaa unalaumu nyama. Na kuunganisha kwenyewe ni shida: klipu ya mtungi wenu wa uani haiingii kwenye mitungi yetu. Ya zamani ina nati ya kugeuza kinyume, wanaiita POL, na mipya inakuja na kiunganishi cha LCC27. Hapo ndipo watu wetu huanza ufundi wa kubahatisha, adapta kutoka mtandaoni, mpira umefungwa kwa waya. Isitoshe, vifaa vya gesi vya hapa vinatakiwa viwe na alama ya uthibitisho wa Australia. Lako halina, na hakuna fundi mwenye leseni atakayekubali kulibadilishia tundu.

Hesabu ya nafasi nayo inakukataza. Jiko la bana tatu lenye meza ya pembeni, ukisema sentimita 120 kwa 60 kwa 115, ni zaidi ya robo tatu ya mita ya ujazo. Kampuni za Uingereza hupenda kuhesabu kwa futi, hiyo ni kama futi za ujazo 29. Uliza bei ya futi moja, uzidishe, halafu umwonyeshe Baba Pacha jibu kabla hajamaliza chai.

Mtungi wenyewe hata usiufikirie. Uwe mtupu uwe umejaa, kampuni za kuhamisha mizigo hazipokei. Mingi ya huko ni mali ya kampuni ya gesi, urudishe kwa muuzaji.

Sasa pipa. Pipa halina shinikizo wala cheti, ni chuma na mkaa. Hapa ndipo wakaguzi wanapoingia, na si hadithi, dada. Idara ya Kilimo ya huku inaogopa vitu viwili hasa, udongo na mabaki ya chakula, kwa sababu ndani yake kuna mbegu, vimelea na magonjwa ya mifugo. Jiko lililotumika lina vyote viwili. Mkaguzi akikuta uchafu, mzigo unazuiwa, na unachagua: usafishwe au utibiwe kwa gharama yako, urudishwe ulikotoka kwa gharama yako, au uharibiwe. Muda wake wa kukagua nao unalipiwa.

Kuna familia niliwasaidia kupokea mizigo yao, jiko lao la mkaa lilikuwa linang'aa. Wavu safi, tumbo limesuguliwa mpaka unaona rangi ya chuma. Mkaguzi akalilaza ubavu, akawasha tochi, akaangalia ndani ya miguu. Miguu ya bomba, wazi chini, imekaa bustanini miaka. Ndani kulikuwa na udongo umeshindiliwa kama kizibo, na katikati ya udongo konokono wadogo wamelala. Yule bwana hata hakusema neno, akachukua stika yake akabandika.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: leta wavu, uache pipa.

Pipa la lita 200 linapatikana kila mahali, na mtu mwenye mashine ya kukatia atalipasua kwa muda mfupi. Wavu wa nondo nene, uliochomelewa nafasi sawasawa ili mbavu za mbuzi zisidondoke na mafuta yapite, huo huupati. Za madukani hapa ni nyaya nyembamba, ukiweka mguu wa mbuzi zinabonyea katikati.

Jinsi ya kuusafisha: uweke juu ya moto mkali mpaka mafuta yote ya zamani yageuke majivu, halafu brashi ya waya, kila nondo pande zote. Kazi kubwa iko kwenye viungo, pale nondo mbili zinapokutana kwenye weldi, mafuta hujificha kwenye kile kipenyo kidogo. Chukua msumari ukwangue. Kisha maji moto na sabuni, ukauke kabisa. Usiupake mafuta ya kupikia eti usishike kutu, hapo umeshaurudisha kuwa mchafu. Ufunge kwa karatasi. Kutu kidogo tutaisugua huku.

Ukifika nitawatafutia pipa. Ila Baba Pacha asijaribu kukata pipa lolote analookota. Lililobeba petroli au kemikali linabaki na mvuke hata likiwa tupu, na cheche moja ya mashine inatosha kulilipua. Tafuta lililobeba chakula, juisi au mafuta ya kula, lisiwe la mabati ya zinki, na rangi yote ichomwe kwanza kabla nyama haijagusa.

*

Kutoka: Baba Pacha (Leeds)

Fundi, nimesoma, nimeumia, nimeelewa. Lakini nikifungua miguu nikaitupa, nikabaki na tumbo la pipa tu? Mke wangu anaweza kupanga masufuria ndani.

*

Kutoka: Fundi wa Fremantle

Kaka, hapo umefikiri. Bila miguu nusu pipa ni kama sentimita 90 kwa 60 kwa 30, haifiki hata futi za ujazo 6, na masufuria yanajaa ndani yake kwa hiyo nafasi haipotei. Kama limesuguliwa mpaka chuma, mshono wa chini umekwanguliwa, na hakuna hata chembe ya majivu, sina ubishi. Kwenye orodha ya mizigo uandike wazi: jiko la kuchomea nyama, limetumika, limesafishwa. Usiandike "vitu vya jikoni". Wakifungua wakalikuta limejificha chini ya masufuria wanaanza kutilia shaka na vingine.

Na mkaa usiweke hata kipande. Kwenye meli mkaa unahesabiwa kama mzigo wa hatari, una namba yake kabisa, UN 1361, kundi la vitu vinavyoweza kujiwasha vyenyewe. Huku kuna mkaa wa mallee na wa gidgee, miti ya huku, mgumu, unakaa muda mrefu. Unarusha cheche ukiwashwa, kwa hiyo watoto wakae mbali mwanzoni.

*

Kutoka: Mama Pacha (Leeds)

Mungu awabariki. La gesi tunaliacha, pipa limekatwa miguu. Sasa maswali mengine mawili. Nina mbuzi ya kukunia nazi na kile kibao kinene cha kukatia nyama, vyote vya mti. Na nyumba tutakayoanzia ni ya kupanga, je, kuchoma kwa mkaa kunaruhusiwa?

*

Kutoka: Mama Zai (Melbourne)

Mwanangu, karibu Australia mapema.

Vitu vya mti si marufuku, lakini lazima uvitaje kwenye fomu. Mbuzi ya nazi ikaguliwe kwanza na wewe mwenyewe: ukiona vitundu vidogo vya duara na unga mwembamba chini yake, huyo ni mdudu, iache. Magome ya mti yasiwepo hata kidogo. Kwenye yale meno ya chuma utoe mabaki yote ya nazi. Kibao cha nyama mimi ningekiacha. Kimekatiwa nyama, mbao imekunywa damu na mafuta, hakuna sabuni itakayotoa hayo. Kama una kigoda cha ngozi ya ng'ombe au ngoma, navyo vitaje, hasa kama ngozi bado ina manyoya.

Na kuhusu kodi, wengi hawajui hili. Vitu vya nyumbani vinavyokuja kwa meli vinasamehewa ikiwa umevimiliki na kuvitumia angalau miezi 12. Kwa hiyo uzee wa jiko lenu unawasaidia. Usiende kununua mapya wiki ya mwisho kwa sababu tu ni bei nafuu huko.

Kuhusu nyumba ya kupanga, soma mkataba. Nyumba yenye uani wake huwa haina matata, ghorofa nyingi zina kanuni za jengo kuhusu mkaa kwenye baraza. Moshi ukiingia kwa jirani atalalamika, na wazungu wa huku wakilalamika wanaandika.

*

Kutoka: Fundi wa Fremantle

Mama Zai amemaliza, ninaongeza moja ambalo watu wanaotoka Uingereza hawalizoei. Kiangazi cha Perth ni kikavu sana, na siku za joto na upepo serikali hutangaza marufuku kamili ya moto. Siku hiyo hakuna kuwasha mkaa wala kuni nje, hata uani kwako, na hata kuchomelea na kusaga chuma nje hakuruhusiwi. Faini ni kubwa na kuna jela. Gesi ina masharti yake, usome tangazo la siku hiyo. Kabla ya kualika watu, fungua asubuhi Emergency WA, tovuti ya tahadhari ya jimbo la huku. Nimeona mbuzi mzima akiishia kwenye oveni kwa vipande, wageni wamekaa sebuleni na kiyoyozi.

Pale Kings Park na kwenye bustani nyingi kuna majiko ya bure, unabonyeza kitufe yanapata moto. Ni sahani bapa ya chuma, kwa hiyo hapo unakaanga, huchomi. Kwa soseji na samaki yanafaa. Mbuzi usimpeleke pale, utamvunjia heshima. Tena usiogope kumkosa. Australia inauza nyama ya mbuzi nje kuliko karibu nchi zote, na mabucha ya halali wanakukatia utakavyo, ukiwaambia mapema.

*

Kutoka: Nesi wa Coventry

Samahani kuingilia. Mama Pacha anajua haya kuliko mimi, nawaandikia wanaosoma kimya kimya. Mvua ikinyesha katikati ya kuchoma, msiingize jiko ndani, wala gereji, wala kwenye hema, hata kama mkaa umebaki mwekundu tu bila moshi. Mkaa unaofifia ndio unaotoa sumu ya kaboni monoksidi kwa wingi, haina harufu, na kichwa kikianza kuuma watu hudhani ni uchovu. Nyumbani tulizoea jiko la mkaa ndani kwa sababu madirisha yalikuwa wazi na bati lilikuwa na nafasi. Nyumba za huku zimezibwa ili joto lisitoke.

*

Kutoka: Mama Pacha (Leeds)

Nimeandika yote kwenye karatasi, iko kwenye friji. Baba Pacha yuko uani na msumari, anakwangua weldi. Kibao kinabaki, mbuzi ya nazi nimeimulika na tochi, haina kitundu. Mzigo unachukuliwa Alhamisi ijayo.

*

Kutoka: Mwanafunzi wa Bradford

Shikamoo mama. Hilo la gesi bado lipo? Sisi tuko watano nyumba moja, tuna uani lakini hatuna jiko. Rafiki yangu ana gari dogo la mizigo, tunaweza kuja Jumapili jioni baada ya ibada. Na kile kibao cha nyama, kama hakuna aliyekiomba, tunakichukua pia.