Saratani ya tezi dume imefika kichwani: Mulago, Nairobi au nyumbani?

MwanaArua: Habari zenu. Baba ana saratani ya tezi dume, na sasa daktari anasema imepanda kichwani. Kaka zangu wanataka Nairobi, dada anasema Taasisi ya Saratani pale Mulago, Kampala, inatosha, mama hataki aondoke nyumbani. Kikao cha familia ni Jumamosi. Ninyi mngechagua lipi?

NesiTororo: Pole sana. Ila hujatupa cha kushika. Ana umri gani? Anatembea? Uvimbe ni mmoja au mingi? Umeonekana kwa picha ya CT au ya MRI? Saratani hii hukimbilia mifupa, hasa uti wa mgongo na nyonga. Kuingia ubongoni kwenyewe ni nadra, mara nyingi inakaa kwenye fuvu au utando unaofunika ubongo. Waulize iko wapi hasa.

Hajji_Bombo: Nairobi. Mulago mashine ya mionzi ilikufa 2016, wagonjwa wakahangaika.

MamaShakila: Hajji, hayo ya zamani! Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018, na baadaye zikaja za kisasa zaidi. Shemeji yangu alipigwa mionzi ya mgongo hapo hapo na maumivu yakatulia.

Boda_Busia: Sisi tulimpeleka baba mdogo nje, hospitali siitaji. Tuliuza shamba la kahawa. Walidai amana kabla hata daktari hajamwona, picha tulizobeba wakazikataa, vipimo vyote vikaanza upya. Wakati huo mzee ameshaanza kuchanganyikiwa, anamwita mama kwa jina la bibi. Mwisho wakatuambia ni mionzi ya kichwa kizima, ile ile tuliyoahidiwa Kampala. Alirudi kwa machela, hamtambui mjukuu hata mmoja. Shamba ndiyo hivyo.

MwanaArua: Pole kaka. Mzee ana miaka 71, anatembea akishikwa mkono. Ni CT, karatasi inasema uvimbe zaidi ya mmoja. Alikuwa kwenye sindano za kushusha homoni, kila miezi mitatu, mpaka pesa zikakata.

Hajji_Bombo: Hapo ndipo ninaposema korodani zitolewe. Mara moja tu, hakuna sindano tena.

Kijana_Lira: Mwanaume gani atakubali hilo?

MamaShakila: Shemeji alikubali. Leo analima muhogo wake.

NesiTororo: Hajji hapo yuko sawa, homoni ya kiume inayolisha saratani hii isirudi juu, kwa sindano au upasuaji. Lakini MwanaArua, usingoje Jumamosi. Muulize daktari leo kuhusu deksamethasoni, inapunguza maji yanayovimbisha ubongo na kichwa hupata nafuu mapema. Miguu ikilegea ghafla au mkojo ukigoma, hiyo ni dharura ya uti wa mgongo. Safari ya mbali kwa mionzi ya kulenga, inayopiga uvimbe wenyewe tu badala ya kichwa kizima, inafaa uvimbe ukiwa mchache na mdogo. Hiyo "zaidi ya mmoja" ni miwili au kumi?

MwanaArua: Nitauliza kesho. Mama anaogopa mofini, ile dawa kali ya maumivu, eti itamlevya mzee.

MamaShakila: Mwambie asiogope. Hospice Africa Uganda ya Makindye wanatoa mofini ya maji tangu 1993, mgonjwa halipii, na manesi waliofunzwa wanaruhusiwa kuiandika. Ulizeni hospitali ya Arua nani anaishughulikia.

Boda_Busia: Inafunga choo lakini. Ombeni dawa ya kulainisha siku hiyo hiyo, msisubiri.

Hajji_Bombo: Mimi bado nasema Nairobi. Nina mpwa Eastleigh, anaweza kuwapokea.

Kijana_Lira: Hajji, na nauli?