Fanksheni moja mistari 1,140, halafu naambiwa "iache, inafanya kazi"

Wadau salaam. Nina hasira na sitaificha.

Ijumaa saa tano usiku niko juu ya feri ya Likoni narudi nyumbani, simu ikalia. Wateja wamelipa, pesa zimekatwa, tiketi hazitoki. Nikashuka ng'ambo, nikapanda feri iliyofuata kurudi kisiwani ofisini.

Mfumo wenyewe ni wa kuuza tiketi za mashua za watalii mtandaoni, nimeurithi kwa watu waliokwisha kuondoka. Ndani yake kuna fanksheni, yaani kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake, inaitwa shughulikia(). Mistari 1,140! Inakagua fomu, inakokotoa VAT, inaita M-Pesa, inapokea majibu, inaandika kwenye hifadhidata, inatengeneza PDF, inatuma barua pepe. Vigeu, yaani majina ya kushikia taarifa, ni $data, $data2 na $dataMpya. Masharti yameingiana mpaka mistari mingine inaanzia katikati ya skrini. Nilitoka pale saa tisa usiku kwa kosa la mstari mmoja.

Kosa ni hili. Kugeuza nambari ya simu kuwa ya 254, ile ya nchi ya Kenya, kumeandikwa mara tatu ndani ya fanksheni hiyohiyo. Nambari za 01 zilipoingia sokoni, mtu alirekebisha sehemu mbili. Ya tatu, karibu na mstari wa 980, bado inajua 07 peke yake. Basi mwenye laini ya 011 analipa, jibu linarudi na ResultCode 0, yaani malipo yamepita, lakini mfumo hauioni oda yake. (Na kumtafuta mteja kwa nambari ya simu ni kosa jingine, kwa sababu kila ombi la malipo la M-Pesa lina CheckoutRequestID yake, yaani kitambulisho chake cha pekee. Hilo nalo nililigundua usiku uleule.)

VAT je? Asilimia 16 iliandikwa 0.16 mahali saba. Aprili 2020 serikali iliishusha hadi 14, Januari 2021 ikarudi 16. Mahali sita palirudishwa. Pa saba, kwenye risiti za safari zilizobadilishwa tarehe, nilikuta 0.14 imekaa tu. Hebu niambieni nani ataliona hilo kwa macho ndani ya mistari elfu na ushei?

Nikatumia jioni zangu nne kuikata shughulikia() iwe fanksheni ndogondogo. Sikuandika upya. Kwanza niliweka majaribio, yaani msimbo unaokagua kama mfumo bado unafanya kazi sawa, kwa majibu halisi ya M-Pesa, yaliyofaulu na yale ya 1032 ambapo mteja ameghairi. Kisha nikatoa kipande kimoja kimoja: sawazishaNambari(), kokotoaVat(), tafutaOdaYaMalipo(), tumaTiketi(). Nikitoa kimoja naendesha majaribio, nahifadhi, naenda kingine. shughulikia() ikabaki mistari 22, na mgeni anaisoma kutoka juu hadi chini akaelewa malipo yanapita wapi.

Mwenzangu mmoja, mkongwe pale, akasema sasa inabidi arukeruke toka fanksheni moja hadi nyingine, zamani aliona kila kitu mahali pamoja. Kaka, ulikuwa unaona nini? Jina likisema kweli huna haja ya kuruka, unaingia ndani siku VAT ikiharibika tu. Nakubali kuna ukataji mbaya. Nimeona sehemuYaKwanza() na sehemuYaPili() zinapitishiana vigeu kumi na moja, na hapo hujagawa kitu, umehamisha fujo tu. Ukikosa jina la kipande, ujue umekata mahali pasipo kiungo.

Kilichonichoma hasa ni bosi. "Kijana, mteja hasomi msimbo. Tutaangalia baada ya msimu." Mzee wangu, mteja hasomi msimbo lakini alisimama gatini na watoto wake bila tiketi huku pesa imeshakatwa! Aliyepigiwa simu usiku ni mimi. Aliyemrudishia pesa ni wewe.

Kazi yangu iko kwenye tawi, yaani nakala ya pembeni ya msimbo, mpaka leo, majaribio yote yanapita, hakuna wa kuiunganisha na msimbo mkuu. Na jana asubuhi nimevuta mabadiliko mapya nikakuta mistari 34 imeongezwa ndani ya shughulikia() ile ya zamani, kwa ajili ya punguzo la vikundi. Mna nini ndani? Kugeuza nambari ya simu, mara ya nne. Na hiyo nayo haijui 01.