Amon Amarth: bado ni bendi au imegeuka sarakasi?

Gitaa_Bovu
Wakuu, hawa jamaa wa metal wa Sweden, wanaoimba hadithi za Viking, wale mabaharia wa vita wa kale wa kaskazini, wako kazini tangu 1992. Albamu ya kwanza ya 1998 ukiisikiliza unahisi baridi ya kaskazini mpaka kwenye mifupa, sauti ya mwimbaji Johan Hegg kama dubu. Sasa hivi angalia shoo zao, meli ya Viking jukwaani, ngoma zimepandishwa juu ya kofia kubwa la vita, alafu mashabiki wazima na ndevu zao wanakaa chini kwa mistari wanajifanya wanapiga makasia!! Wamekua au wameuza roho? Bathory, bendi ya Sweden iliyowatangulia, hawakuhitaji mambo ya hivi.

Nyundo_Nzito
Bathory umeitaja vibaya bro. Quorthon mwenye bendi aliacha kupanda jukwaani hata kabla hajaanza mambo ya Viking, ile albamu ya Hammerheart ya 1990 hakuna aliyemuona akiipiga laivu, kafariki 2004 ana miaka 38 tu. Sasa mtu asiyefanya shoo utamlaumuje kwa meli ya mbao? Hegg na wenzake wanalipa mafundi, mabasi, hoteli. Na nyie mnaolia ndo wale wa kudownload bure, tisheti hujawahi kununua.

Gitaa_Bovu
Tisheti ninazo mbili, moja nimeinunua kwa euro, na hiyo haikuhusu. Kwanza bendi ya Viking gani jina limetoka kwa Tolkien, mwandishi wa Lord of the Rings?

Nyundo_Nzito
Nani kakwambia ni bendi ya Viking? Wenyewe kila siku wanasema wanapiga death metal, hadithi tu ndo za Odin na Thor, miungu ya kale ya kaskazini. Ukitaka wa kujifungia na lugha ya kale nenda kwa bendi ya Enslaved ya Norway, walianza 1991 mpiga gitaa wao Ivar akiwa na miaka 13, na wao pia mlisema wameharibika walipoanza progresivu. Hamridhiki nyie.

Mama_Kisauni
Mimi huu mziki napigiwa na kijana wangu asubuhi mpaka jioni, mie nauona makelele tu. Lakini niulize, mzungu akiimba mizimu ya babu zake mwaita utamaduni, mkavaa tisheti, Mswahili akitaja mizimu aambiwa mshirikina, akaombewe. Mbona Fumo Liyongo, shujaa wetu wa pwani, hamumuimbi na hayo magitaa yenu?

Gitaa_Bovu
Mama kwa heshima, Liyongo ni mtu wa historia, si mungu, usichanganye.

Mama_Kisauni
Nani kasema mungu? Soma nilichoandika mwanangu. Na huyo mungu wenu Baldr aliyekuwa hadhuriki na kitu, akauliwa na kijiti cha mmea uotao juu ya miti ya wenziwe, na Liyongo akauliwa na sindano ya shaba kitovuni, na mwanawe mwenyewe! Tafauti iko wapi?

Tumba_Kwetu
Naishi huku huku Tumba walikotoka hao jamaa, kusini ya Stockholm. Jirani zangu wengi wazazi wao wametoka Syria, Uturuki, Somalia, na mji wenyewe sifa yake ya zamani ni kiwanda cha karatasi za noti tangu 1755. Viking sijamwona. Nyundo ya Thor huku ni pambo la shingoni, na siku hizi watu wanaliangalia mara mbili maana wanazi mamboleo nao wamezing'ang'ania alama hizo. Kwahiyo mama, hata wao hawaziimbi kwa raha kamili.

Pembe_Mbili
Kwani Viking si ndo wale wa kofia za pembe?

Nyundo_Nzito
Pembe ni za mshona mavazi wa opera ya Wagner, 1876. Kofia iliyofukuliwa Gjermundbu, Norway, 1943 haina pembe hata moja.

Pembe_Mbili
Basi Amon Amarth wanapigia ngoma juu ya kofia ya opera 😂😂

Nyundo_Nzito
Ndo mziki utakuwa mbaya kwa sababu ya kofia? Hizo hadithi zenyewe nyingi tunazipata kwa Snorri, Mkristo wa Iceland, kaziandika kama 1220 hivi, miaka mia mbili na ushee baada ya watu wake kubatizwa. Ukisubiri kitu safi hutaimba chochote.

Mama_Kisauni
Sasa umenisaidia. Na Liyongo kaandikwa na Waislamu, na haikumpunguza. Kijana wangu nimemsomea pale alipotiwa gerezani, mamake akampelekea mkate wa wishwa ndani mna tupa ya kukatia chuma, walinzi wakala mikate mizuri ule wakauacha. Usiku wa kuchezwa gungu, matoazi na ngoma zikapigwa kwa nguvu, yeye akikata pingu, tupa isisikike.

Gitaa_Bovu
Subiri, yani makelele yote yale ilikuwa kuficha sauti ya tupa?

Mama_Kisauni
Ndiyo. Na wapigaji walikuwa nje ya gereza, yeye ndani akiwatungia nyimbo.

Pembe_Mbili
Meli tunayo, mitepe ya Lamu. Nani anapiga besi?

Nyundo_Nzito
Sio huyu wa tisheti mbili.