Tutapimaje silika ya kwotabeki kijana anapobanwa?

Mjomba wa Pasua, Moshi

Habari zenu, wapenzi wa michezo. Mpwa wangu anayeishi na mama yake Minnesota anacheza futiboli ya Kimarekani katika timu ya sekondari yake, na tangu msimu uliopita amepewa nafasi ya kwotabeki, yaani yule anayeupokea mpira nyuma ya mstari wa walinzi wake na kuamua, ndani ya sekunde mbili au tatu, ampasie nani, akimbie nao au autupe nje. Kocha wake anasema kijana ana silika nzuri anapobanwa, na kwa sababu hiyo anashauri alipiwe kambi ya mafunzo ya kiangazi ambayo gharama yake si ndogo. Dada ameniomba ushauri. Katika vipande vya video nilivyotumiwa ninaona kijana mwepesi anayewakwepa watu na kukimbia. Je, huko kukwepa ndiko silika yenyewe, au kuna jambo jingine la kutazama?

Mkazi wa Njiro, Arusha

Shikamoo, kaka. Kwanza omba video ya mechi nzima, kwa sababu vipande vya namna hiyo huchaguliwa ili vipendeze, na uamuzi mbaya hauonekani humo. Ukiipata, usiufuate mpira. Itazame helmeti yake. Mpinzani anapomkaribia, je, uso unaendelea kuelekea mbele waliko wapokeaji, au unageuka kumtazama anayekuja kumwangusha? Macho yakishashuka, nafasi ya pasi imepotea, hata kama miguu itamwokoa. Kwotabeki Tom Brady, aliyechaguliwa wa 199 mwaka 2000 timu za NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, zilipogawana wachezaji wapya, na baadaye akatwaa Super Bowl 7, yaani fainali za ligi hiyo, hakuwa na mbio kabisa. Alikuwa na hatua moja fupi, ya kando au ya mbele, iliyotosha kumfanya mvamizi apite patupu huku yeye akiendelea kuusoma uwanja. Hatua hiyo ndiyo ninayoitafuta kwa kijana kuliko mbio za yadi 30.

Pili, hesabu wavamizi. Kwa kawaida huja wanne. Wakija watano au sita, maana yake mabeki wamepungua nyuma, na kwotabeki anayeelewa huupeleka mpira haraka mahali alikotoka mvamizi wa ziada. Lakini wakija wanne tu, walinzi wakawazuia vizuri, naye bado akakimbia, basi anakimbia hatari isiyokuwepo, na dalili hiyo huniogopesha kuliko kuangushwa. Tena usiwatupie walinzi lawama zote za kuangushwa, kwa kuwa kijana anayekaa na mpira sekunde nne mara nyingi amejiangusha mwenyewe. Na akiutupa nje kwa makusudi baada ya kuona hakuna aliye huru, takwimu zitaandika pasi iliyoharibika, lakini wewe mhesabie uamuzi mzuri.

Kocha wa vijana, Majengo, Moshi

Kuhusu macho ninakubali, ila video pekee haitoshi. Mimi ninafundisha soka, na nimeona kwamba kijana anayebanwa hukimbia kwa sababu mbili zisizofanana: ama anaogopa kugongwa, ama hajui mwenzake yuko wapi. Kwa nje zinafanana kabisa, lakini mafunzo yake ni tofauti. Viungo wangu huwauliza palepale mazoezini, “Nani alikuwa kushoto kwako?” Anayejibu sawasawa alimwona mwenzake akakosa ujasiri wa kumpasia; asiyejua hakutazama kabla ya mpira kumfikia. Mjomba, mpigie simu kijana, isimamisheni video kabla hajabanwa, kisha mwache aeleze mwenyewe alichokiona.

Chunguza pia anavyocheza mara tu baada ya kugongwa vibaya. Kwotabeki David Carr, chaguo la kwanza la mwaka 2002, aliangushwa mara 76 katika msimu wake wa kwanza na Houston Texans, timu iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza, na hiyo ndiyo rekodi ya NFL kwa msimu mmoja. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba vipigo vile vilimharibia uchezaji. Kijana asiyelindwa anaweza kujifunza woga ambao hakuzaliwa nao, kwa hiyo watazame na hao walio mbele yake.

Binti wa Sakina, Arusha

Iwapo kambi hiyo itawaahidi kipimo cha akili, msikitegemee sana. NFL ilitumia kwa miaka mingi mtihani wa Wonderlic, wenye maswali 50 kwa dakika 12, kisha ikauacha mwaka 2022. Mwaka 2023 habari zilivuja kwamba C. J. Stroud, kwotabeki wa timu ya chuo kikuu cha Ohio State, alipata alama za chini katika kipimo kingine. Hata hivyo Texans walimchagua wa pili, na akamaliza msimu akiwa mchezaji bora chipukizi wa upande wa ushambuliaji. Dalili zilikuwa uwanjani. Ohio State ilipocheza na chuo kikuu cha Georgia tarehe 31 Desemba 2022, kijana huyo aliyekuwa akilaumiwa kwa kutotumia miguu alibanwa, akatoka, akaendelea kutazama mbele, akatoa pasi 4 za tachidauni, yaani za kufunga. Timu yake ilifungwa 42 kwa 41, na kwangu matokeo hayo hayampunguzii kitu.

Mjomba wa Pasua, Moshi

Nawashukuru sana. Dada amenitumia mechi moja nzima. Katika robo ya kwanza kijana alikimbia wavamizi wanne wakiwa wamezuiwa, na nilipomuuliza hakuweza kusema nani alikuwa huru. Katika robo ya nne, muda mfupi baada ya kugongwa vibaya, alisogea hatua moja mbele akatoa pasi fupi ya katikati, na hiyo aliieleza bila kusita, hadi beki aliyekuwa amemganda mpokeaji wa kulia. Nimemwambia dada asilipe kwanza, bali atafute mechi nyingine dhidi ya timu zilizowashinda, na aiulize kambi kama vijana hufundishwa wakiwa na wavamizi mbele yao au hurusha mpira tu bila kubughudhiwa. Tatizo langu ni kwamba picha imepigwa kutoka ubavuni na mabeki wa nyuma hawaonekani.

Mkazi wa Njiro, Arusha

Kaka, mwambie dada amwombe kocha picha zinazopigwa kutoka juu, nyuma ya mstari wa goli. Timu nyingi za sekondari kule huzipiga kwa ajili ya kujifunzia, na humo huenda ukawaona wapokeaji na mabeki kwa pamoja.