Haisi ya 3L inasita nikikanyaga mafuta tangu pampu ifunguliwe, naombeni ushauri

Mleta uzi
Wakuu habari zenu. Niko Kirumba hapa Mwanza, nina Haisi ya zamani injini 3L, nabebea dagaa kutoka Mwaloni kupeleka Magu mpaka Lamadi. Pampu ya dizeli, ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye injini, ilikuwa inavuja kwenye sili nikampelekea fundi, akaishusha akabadilisha sili, noozo (zinazorusha dizeli ndani ya injini) nazo zikapimwa, akarudisha. Kuvuja kumeisha kabisa ila sasa gari haina nguvu, sailensa (ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) inakaa vizuri na ukipiga resi imesimama utasema nzima, lakini ukiwa na mzigo ukianza kupanda ukikanyaga mafuta inasita kwanza ndo iende, halafu asubuhi inatoa moshi mweupe unaowasha macho, kabla haikuwa nao. Fundi anasema pampu imechoka ninunue ya mtumba. Pampu iliyokuwa inavuta mzigo vizuri imechokea wapi, mezani kwake? Hela yenyewe ni ada ya watoto, nisaidieni kabla sijaitoa.

Dereva Igoma
Pole kaka, usinunue kitu kwanza. Hapo inaweza kuwa inavuta upepo, na upepo kidogo kwenye sailensa huuoni, unakuja kuuona injini ikitaka dizeli nyingi. Kagua mipira yote toka tanki mpaka filta, klampu, na ile pampu ya mkono juu ya filta, hiyo ikichoka inavuta upepo bila kudondosha hata tone. Kupima ni hivi, tafuta dumu safi la dizeli ulifunge vizuri juu kuliko pampu, mbali na eksozi, chomoa mpira unaoingia kwenye pampu uweke wa dumu, na wa ritani, unaorudisha dizeli inayobaki, nao urudi kwenye dumu. Toa upepo, panda kimlima kifupi. Ikivuta vizuri shida iko kabla ya pampu, kati ya tanki na filta, ikibaki vile vile achana na mipira.

Mtu wa Sengerema
Badili filta mkuu, dizeli ya kwenye madumu ina maji sana.

Fundi wa Dizeli
Filta ni sawa ila shida imeanza siku pampu imerudi, kwa hiyo tuanze na kilichoguswa. Ndugu, angalia bolti mbili zenye tundu zinazoshika mipira ya dizeli kwenye pampu, ya kuingilia na ya kutokea. Ya kutokea imeandikwa OUT kichwani na tundu lake ni dogo sana, lile dogo ndo linabana dizeli ili presha ikae ndani ya pampu. Nyuzi zake ni zile zile kwa hiyo mtu anazigeuza kirahisi, na akizigeuza pampu inakosa dizeli kwenye mzigo, presha ya ndani inashuka, na kwa kuwa presha hiyo ndo inayowahisha taimingi, yaani wakati wa kurusha dizeli, dizeli inachelewa kurushwa. Moshi wako mweupe unaweza kuwa unatokea hapo. Washa za kopa, vile vipete vya shaba vya kuziba kwenye hizo bolti, weka mpya, za zamani zinavuta upepo.

Mleta uzi
Wakuu nimerudi. Dumu nimejaribu, hakuna kilichobadilika, inasita vile vile. Bolti sasa, OUT ilikuwa upande wa kuingilia! Nimezigeuza na washa mpya, nikatoa upepo, nikapakia magunia nikapanda nayo, imevuta bila kusita. Asanteni sana jamani mmeokoa ada. Ila asubuhi moshi upo bado, kidogo, ikipata moto unaisha.

Fundi wa Dizeli
Safi sana. Huo uliobaki anza na plagi za moto, zinazopasha injini wakati wa kuwasha, chomoa waya upime moja moja, iliyokufa ibadilishe. Zikiwa nzima zote angalia alama ya taimingi, iko kwenye flenji ya pampu na kwenye kava ya injini, zinatakiwa zitazamane. Kama zimeachana usikubali mtu aizungushe pampu kwa kusikiliza mlio, akizidisha injini itagonga na pistoni zitaumia. Tafuta fundi mwenye geji ya saa (kipimo chenye mshale kama saa), anaifunga nyuma ya pampu anasoma kipimo ndo anakaza.

Dereva Igoma
Na hiyo pampu ya mtumba mwambie hapana.