Dakika tano za ukimya kabla ya mhadhara: ni huruma au ni shuruti?

MwalimuWaTakwimu aliuliza:

Wahadhiri wenzangu, habari za kazi. Ninafundisha takwimu kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambao muhula huu wamefika 180, na tangu tulipofungua ninatekeleza agizo la idara kwamba kila mhadhara utanguliwe na dakika tano za uzingativu, yaani wanafunzi wakae kimya, wafumbe macho na kufuatilia pumzi zao zinavyoingia na kutoka. Wiki ya kwanza walilipokea vizuri. Kufikia wiki ya nne wengi walikuwa wakiperuzi simu chini ya meza, jambo ambalo ningelivumilia, lakini mwanafunzi mmoja wa safu ya mbele aliinuka katikati ya ukimya ule huku mikono ikimtetemeka, akatoka, na hakurudi. Baadaye alinieleza, kwa adabu iliyonitia aibu zaidi, kwamba kila anapofumba macho anarudi kwenye msiba uliomfika mwaka jana, na kwamba hakujua kama anaruhusiwa kukataa zoezi.

Sitaki kuliacha wazo lenyewe, kwa sababu ninawaona wanafunzi wanavyoingia ukumbini wakiwa wamechoka na wakiliogopa somo hata kabla sijafungua kinywa. Ninachouliza ni hiki: uzingativu na huruma vinaingizwaje katika ufundishaji wa chuo kikuu bila kumfanya mwanafunzi awe mgonjwa na mhadhiri awe tabibu asiye na cheti?

Mshauri_wa_Wanafunzi alijibu:

Mwalimu, pole kwa yaliyokupata, na pole zaidi kwa mwanafunzi wako. Kwa maoni yangu kosa halikuwa kwenye ukimya bali kwenye amri. Mafunzo ya uzingativu ambayo vyuo vingi vinayaiga leo yalianza mwaka 1979, pale Jon Kabat-Zinn alipoanzisha programu katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, nchini Marekani, kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo. Programu hiyo ikaja kuwa kozi ya wiki nane, yenye mkufunzi aliyeisomea kazi na washiriki waliojua walichokifuata. Sisi tumemega dakika tano za jengo lile zima, tukawawekea watu 180 ambao hawakuziomba, kisha tunashangaa.

Ushahidi nao unaelekea huko huko. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge lilifanyika jaribio, lililochapishwa mwaka 2018, ambamo wanafunzi 616 waliojitokeza wenyewe waligawanywa kwa bahati nasibu, na wale waliopata kozi ya wiki nane pamoja na huduma za kawaida za ushauri walikuwa na dhiki pungufu wakati wa mitihani kuliko waliopata huduma za kawaida peke yake. Kwa upande mwingine, utafiti mkubwa wa shule za sekondari nchini Uingereza uliotolewa mwaka 2022, uliohusisha wanafunzi zaidi ya 8,000 wa miaka 11 hadi 14, haukuona kwamba kufundisha uzingativu darasa zima kuliwafaa kuliko masomo ya kawaida ya stadi za kihisia. Nakiri kwamba watoto si wanafunzi wa chuo, ila tofauti kati ya aliyejiandikisha na aliyepangiwa mimi naiona ina uzito.

Ukiamua kuendelea, zifanye dakika mbili, macho yabaki wazi, na utangaze kabla ya kuanza kwamba anayependa kupitia madondoo yake au kukaa tu ana ruhusa. Ukishatangaza, usimkazie macho.

Chaki_Mkononi alijibu:

Nakubaliana na Mshauri, lakini mimi ningeziondoa hizo dakika tano na kuzirudisha ndani ya somo lenyewe. Katika miaka ya 1970 Mary Budd Rowe alichapisha vipimo vya muda ambao walimu wa sayansi husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta kwamba kwa kawaida hauzidi sekunde moja hivi; walipozoezwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na waliokuwa hawasemi wakaanza kusema. Sekunde tatu zinaonekana mzaha hadi uzijaribu mbele ya ukumbi uliojaa. Mimi nikishauliza huiweka chaki chini na kuhesabu kimoyomoyo, na humwona yule wa nyuma akiinua mkono nusu, akiushusha, halafu akiuinua tena. Zamani ningekuwa nimeshamjibia.

Mahali pengine ni kwenye usahihishaji, ukiwa umefika karatasi ya sabini na saa sita ya usiku imepita. Nilikuwa nikiandika “Hujaelewa kabisa!” kwa wino mwekundu. Kwa somo lako, hebu fikiria mwanafunzi anayesoma hivi: “Uko sahihi hadi mstari wa tatu. Katika mstari wa nne umegawanya kwa n badala ya n kutoa moja. Rudia kuanzia hapo.” Alama ni nne kati ya kumi kwa maoni yote mawili.

Mpinga_Mkumbo alijibu:

Mimi nina shaka na jambo ambalo hamjaligusa. Idara inamwambia mwanafunzi avute pumzi, na idara hiyo hiyo imepanga kazi tatu ziwasilishwe Ijumaa moja. Ratiba ikiwa ya kikatili, uzingativu unakuwa njia ya kumfundisha mtu auvumilie ukatili kimya kimya, na hiyo siiiti huruma.

Niliyoona yana maana ni ya Theo Gilbert wa Chuo Kikuu cha Hertfordshire, nchini Uingereza, anayeichukua huruma kama kuona dhiki, yako au ya mwingine, na kuchukua hatua ya kuipunguza. Wanafunzi wake huzoezwa kutambua katika majadiliano ya vikundi nani anauhodhi mjadala na nani ametengwa, kisha hutunukiwa alama kwa namna wanavyoishughulikia hali hiyo. Huko huruma haihitaji mtu afumbe macho. Inahitaji amtazame jirani yake ambaye hajasema neno tangu kikao kianze.

MwalimuWaTakwimu alijibu:

Nawashukuru nyote. Nimefungua ratiba baada ya kusoma maneno ya Mpinga_Mkumbo, nikakuta wiki ya tisa ina kazi mbili za masomo mengine na jaribio langu juu yake, nami nimelisogeza mbele wiki moja. Agizo la dakika tano nitamwomba mkuu wa idara liwe la hiari, na mwanafunzi yule nimeshamwandikia kwamba hana deni la kunieleza lolote zaidi. Kilichobaki kunitatiza ni hizo alama za vikundi: nikiwa na vikundi 30 na macho mawili, nitazitoa kwa kushuhudia nini?