Kujiunga na jarida la wanafunzi la sayansi na jamii

Mwanakemia: Nawasalimu nyote. Ninasoma kemia mwaka wa pili, na jarida la wanafunzi la sayansi na jamii chuoni kwetu linatafuta waandishi na wahariri, ambao wametakiwa kupeleka makala ya mfano. Je, nifupishe ripoti yangu ya maabara?

Mhariri Mstaafu: Ripoti hiyo iache kwenye faili, ndugu yangu. Wanataka kuona sayansi inapokutana na watu. Chukua kisa cha Erasto Mpemba, ambaye mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Tanganyika (sasa Tanzania), aliona mchanganyiko wa aiskrimu ulioingizwa kwenye friza ukiwa moto ukiganda kabla ya ule uliopoa, akachekwa darasani alipouliza sababu, kisha mwaka 1969 akachapisha matokeo pamoja na mwanafizikia Denis Osborne. Ukieleza joto peke yake umeandika nusu ya makala. Nusu iliyo tamu zaidi ni kwa nini swali lake lilidharauliwa, na kwa nini wanafizikia wangali wanabishana juu yake.

Bi Sosholojia: Naongezea kwamba si lazima uanze kwa kuandika. Omba kuhakiki takwimu na vyanzo, kazi ambayo wengi huikimbia, kwani ndiko utakakojifunza jinsi sentensi moja ya haraka inavyoweza kupotosha utafiti mzima.

Mwanakemia: Nawashukuru. Na ratiba ya mitihani?

Mhariri Mstaafu: Waeleze mapema, tena kwa maandishi. Nao ni wanafunzi.